Aliyezifanya kompyuta zielewane, pete wakavikwa wengine

Mwaka wa 1985, katika mwezi mtukufu wa Ramadhani, nilikuwa karani katika ofisi moja ya kutoa mizigo bandarini hapa Mombasa. Tajiri wetu alikuwa na kompyuta moja ambayo ndani yake tulikuwa tumetia hesabu zote za wateja, na mwaka huo akaleta ya pili, kutoka kampuni nyingine. Aliyemwuzia alimhakikishia kwamba mashine hizo mbili ni ndugu wa tumbo moja, kwa kuwa zote ziliendeshwa na programu kuu iitwayo CP/M. Na kweli, amri uliyoiandika katika ile ya kwanza, ukiiandika katika ya pili ilitiiwa vile vile. Tukafurahi, tukasema kazi imekwisha.

Furaha yetu haikudumu. Tulipoitoa diski ya hesabu katika mashine kuukuu na kuitia katika ile mpya, mashine ilinguruma, ikanyamaza, ikanguruma tena, kisha ikaandika kwamba diski ni mbovu. Tukairudisha katika mashine ya kwanza, ikasomeka bila taabu. Diski ilikuwa nzima, na mashine ilikuwa nzima. Kilichokosekana ni maelewano.

Siku tatu mfululizo, baada ya kuswali tarawehe, nilirudi ofisini nikawa nasoma tarakimu katika kioo cha mashine moja na kuziandika upya katika mashine ya pili, mpaka ukafika wakati wa daku. Siku ya nne akaja fundi mmoja kijana, mwenye waya mkononi. Akaziunganisha mashine mbili kwa waya ule, akaandika amri chache, na hesabu zote zilizobaki zikapita usiku huo huo. Nikamwuliza, inakuwaje programu ikubali kuhama na diski ikatae? Jibu alilonipa ndilo lililonifanya nilisikie kwa mara ya kwanza jina la Gary Kildall.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiyafuatilia maisha ya bwana huyo, ambaye aliiaga dunia mwaka wa 1994. Wengi wanaotumia kompyuta leo hawamjui kabisa. Na wachache wanaomjua, wanamjua kwa kisa kimoja tu, tena kisa ambacho kwa maoni yangu hakimtendei haki. Leo napenda nimwelezee msomaji kazi yenyewe aliyoifanya, kisha ndipo tuje kwenye kisa.

MTOTO WA WANAMAJI

Gary Kildall alizaliwa tarehe 19 Mei 1942 mjini Seattle, kaskazini magharibi mwa Marekani. Seattle ni mji wa bandari kama huu wetu, na watu wa nyumba yao walikuwa watu wa bahari. Babu yake, ambaye alikuwa nahodha, alianzisha chuo cha kufundisha unahodha. Baba yake akakirithi na kukiendeleza. Gary mwenyewe, alipokuwa kijana, alisaidia kufundisha humo. Kwa hivyo alikulia katikati ya ramani za bahari, nyota, dira na hesabu za kujua chombo kiko wapi.

Alipokuwa shuleni hakuwa mwanafunzi wa kusifiwa, lakini mkono wake ulikuwa mwepesi katika kutengeneza vitu. Aliingia Chuo Kikuu cha Washington kwa nia ya kuwa mwalimu wa hesabu, akakutana na kompyuta, na nia ikageuka. Wakati huo Marekani ilikuwa imo vitani Vietnam na vijana wakiandikishwa jeshini. Kildall hakupelekwa vitani. Alipelekwa kufundisha katika chuo cha jeshi la wanamaji kilichoko Monterey, pwani ya California. Akakaa katika mji jirani wa Pacific Grove, pamoja na mkewe Dorothy, na mwaka wa 1972 akapata shahada yake ya uzamifu.

Mwaka wa 1971 kampuni ya Intel ilikuwa imeleta jambo geni: kompyuta nzima iliyobanwa ndani ya kijiwe kidogo kuliko ukucha. Wengi walikiona kijiwe hicho kuwa ni kitu cha kuendeshea taa za barabarani au mashine za viwandani. Kildall alikitazama kwa jicho jingine. Alikijaribu kwa hesabu za unahodha, zile zile zilizohitajiwa katika chuo cha baba yake. Kilikuwa kidogo mno na kizito wa kazi, lakini kilimwonyesha njia. Akaanza kwenda kwa Intel siku moja katika wiki kuwa mshauri wao, na huko akatunga lugha ya kuandikia programu iliyoitwa PL/M, ili mwandishi wa programu asilazimike kuandika kila kitu kwa tarakimu za mashine.

DISKI ILIYOKOSA NAHODHA

Siku hizo programu na habari ziliwekwa katika utepe wa karatasi uliotobolewa matundu. Kuusoma utepe ilichukua muda mrefu, na ukikatika umepata hasara. Ndipo ikatokea diski laini, sahani nyembamba yenye upana wa inchi 8, iliyopakwa dawa ya sumaku. Diski ya kawaida ya wakati ule ilikuwa na duara 77, na kila duara iligawanywa vipande 26, na kila kipande kiliingia herufi 128. Ukizidisha utapata zaidi ya robo milioni ya herufi, jambo ambalo kwa utepe wa karatasi lingejaza kikapu.

Kildall alipata kifaa kimoja cha kuendeshea diski hizo kutoka kampuni ya Shugart, lakini kikabaki kimekaa tu. Kuandika programu aliweza. Kutengeneza saketi za umeme za kukiunganisha na kompyuta hakuweza. Rafiki yake John Torode akamtengenezea saketi hizo, na mwaka wa 1974 kifaa kikaamka. Kildall akakiandikia programu ya kukitawala, akaiita CP/M.

Kazi ya programu hiyo ni rahisi kuieleza. Diski yenyewe haijui barua wala hesabu. Inajua duara na vipande tu. Binadamu naye hataki kujua duara na vipande. Anataka kusema, niletee faili la mishahara. Kati ya hao wawili panahitajiwa mtu wa kuweka daftari: faili la mishahara limeanzia hapa, likaendelea pale, na vipande vilivyo wazi ni hivi. CP/M ndiyo iliyolishika daftari hilo. Ilitaka kila faili lipewe jina lisilozidi herufi 8, kisha nukta, kisha herufi 3 za kuonyesha aina yake. Kila kifaa cha diski kikapewa herufi yake, A, B na kuendelea. Mengine katika hayo hakuyabuni mwenyewe. Aliyafuata katika kompyuta kubwa za kampuni ya Digital Equipment alizokuwa amezizoea. Hilo tulikumbuke, kwa sababu litarudi mbele.

Intel waliichukua lugha yake, lakini CP/M hawakuitaka. Kildall na Dorothy wakaamua kuiuza wenyewe, wakafungua kampuni ambayo baadaye iliitwa Digital Research. Mwanzoni wateja wao walikuwa wapenzi wa kompyuta waliokuwa wakiunda mashine zao majumbani.

RUBANI WA KILA BANDARI

Hapa ndipo tunapofika kwenye kiini cha makala yangu.

Kila kampuni iliyounda kompyuta ilikuwa na kifaa chake cha diski, kilichounganishwa kwa namna yake. Moja ilizungusha diski hivi, nyingine vile. Ikiwa programu imeandikwa kwa kifaa cha kwanza, kwa kifaa cha pili ilikuwa haifai kitu mpaka ikaguliwe yote na kubadilishwa hapa na pale. Kildall alikwisha ifanya kazi hiyo zaidi ya mara moja na ilikuwa imemchosha. Mwaka wa 1976 akajiwa na Glenn Ewing kwa niaba ya kampuni ya IMSAI, wakitaka CP/M kwa kompyuta yao na diski yao. Maana yake ni kuanza tena.

Kildall hakuanza tena. Aliikata programu yake mapande. Kila kilichokuwa hakibadiliki, yaani daftari la mafaili, majina, kufungua na kufunga faili, kukiweka hiki na kukifuta kile, alikiweka upande mmoja na kukifunga. Kila kilichotegemea chuma cha kampuni fulani alikikusanya upande wa pili, katika kipande kidogo alichokiita BIOS. Kipande hicho kilitakiwa kijue mambo machache tu: kuchagua kifaa cha diski, kwenda kwenye duara namba fulani, kutafuta kipande namba fulani, kusoma, kuandika, na pia kupokea herufi kutoka kibodi na kuipeleka kwenye kioo au printa. Basi. Kampuni iliyotaka CP/M haikuhitaji kumwona Kildall abadilishe programu nzima. Iliandika BIOS yake yenyewe, kurasa chache, na yaliyobaki yote yalifanya kazi bila kuguswa.

Watu wa pwani wataielewa hekima hii upesi kuliko wengine. Nahodha wa meli kubwa anayetoka Karachi au Rotterdam anajua kuiendesha meli yake baharini popote. Lakini anapofika mlango wa Kilindini haingii kwa kujigamba. Anasimama, akapanda rubani wa hapa, anayejua miamba ya hapa na maji ya hapa. Meli ni ile ile, nahodha ni yule yule, na kila bandari ina rubani wake. Hakuna mwenye akili anayevunja meli na kuijenga upya kwa kila bandari. Sijui kama Kildall, mtoto wa chuo cha unahodha, aliwahi kulifikiria jambo lake kwa mfano huu, lakini mimi siwezi kuisikia BIOS bila ya kumwona rubani akipanda ngazi ya kamba.

Faida yake ilionekana mara moja. IMSAI walilipa dola 25,000 kwa haki ya kuitumia CP/M. Nyuma yao wakaja wengine, hata ikawa CP/M imeingia katika mamia ya aina za kompyuta. Na waandishi wa programu nao wakapumua. Mtu aliyeandika programu ya kupigia barua au ya hesabu za duka hakuhitaji tena kuuliza diski ni ya nani. Aliiambia CP/M, nifungulie faili, nayo ikamwambia BIOS, na BIOS ikakiambia chuma. Programu moja ikauzwa kwa wenye mashine mbalimbali. Biashara ya programu za kompyuta ndogo ilipata mguu wa kusimamia hapo.

Mwaka wa 1979 akaongeza jambo la pili. Mwanzoni CP/M ilidhani kila diski ni ile ya inchi 8 yenye duara 77, na ukubwa huo ulikuwa umeandikwa ndani ya sehemu isiyobadilika. Diski za aina nyingine zilipozidi, dhana hiyo ikawa kamba shingoni. Katika toleo la pili Kildall aliung'oa ukubwa huo akauweka katika jedwali ndani ya BIOS: duara ni ngapi, vipande ni vingapi, faili ngapi zinaweza kuandikwa katika daftari. Sehemu kuu ikawa inalisoma jedwali na kujipima nalo. Hata diski ngumu kubwa zikaweza kuingizwa bila kuigusa programu kuu.

Huenda msomaji akauliza, ikiwa mambo yalikuwa mazuri hivyo, mbona mimi nilikesha ofisini siku tatu? Fundi yule alinijibu kwa ufupi. Kildall aliihamisha programu. Diski hakuweza kuihamisha. Kampuni kila moja ilichagua idadi yake ya duara na vipande, hasa katika diski ndogo za inchi 5 na robo, na BIOS ya kila moja ilikuwa na jedwali la diski zake tu. Rubani wa Kilindini hajui miamba ya Lamu. Ndiyo maana waya ulifaulu pale ambapo diski ilishindwa: mashine mbili zilizungumza faili kwa faili, herufi kwa herufi, na kila moja ikaandika katika diski yake kwa namna yake. Nilijifunza siku hiyo kwamba kuielewa lugha ya mwenzako na kuusoma mwandiko wake ni mambo mawili mbalimbali.

KISA CHA NDEGE

Sasa tuje kwenye kisa kinachosimuliwa sana. Mwaka wa 1980 kampuni kubwa ya IBM ilitaka kuunda kompyuta ndogo, ikahitaji programu kuu. Wajumbe wake wakafika Pacific Grove kumtafuta Kildall. Yasemwa kwamba siku hiyo alikuwa angani akijifurahisha na ndege yake, kwa maana alikuwa rubani pia, na kwamba wajumbe waliondoka na hasira wakaenda kwa Bill Gates wa Microsoft, aliyekuwa tayari. Wenye kukipenda kisa hiki humaliza kwa methali: asiyekuwapo na lake halipo.

Ukweli si mwepesi hivyo. Ni kweli aliruka asubuhi hiyo, lakini alikuwa safarini kwa kazi, akimpelekea mteja vitabu na programu. Wajumbe walipokewa na Dorothy, ambaye ndiye aliyekuwa akishughulikia mikataba kila siku. Walimtaka atie saini karatasi ya siri kabla ya mazungumzo. Yeye, kwa ushauri wa mwanasheria, akasita. Mchana Kildall alirudi. Yaliyozungumzwa baada ya hapo kila upande uliyaeleza kwa namna yake, na bei na masharti hayakuafikiana.

Lililo wazi ni lililofuata. Microsoft walinunua programu iliyotungwa na Tim Paterson katika kampuni moja ya Seattle, mji ule ule aliozaliwa Kildall. Programu hiyo iliitikia amri kwa namna ya CP/M, makusudi, ili programu zilizoandikiwa CP/M zihamishwe kwake kwa wepesi. Namna ya kuweka daftari la diski ilikuwa tofauti, lakini mlango wa kuingilia ulifanana. Kildall alipoiona aliudhika sana, akawaendea IBM. Wakaafikiana kwamba hatawashtaki, nao watauza zote mbili, yake na ya Microsoft, mnunuzi achague. Kumbe moja ilitiwa bei ya karibu dola 40, na ya Kildall karibu dola 240. Katika soko la namna hiyo mnunuzi hahitaji kushauriwa.

Mimi si kadhi wa kuamua kesi hii. Kildall naye alikuwa amefuata mengi kwa waliomtangulia, kama nilivyotaja, na wala hakuna elimu inayoanza kwa mtu mmoja. Lakini nasema kwamba kumkumbuka mtu aliyeziunganisha mashine za ulimwengu kwa asubuhi moja tu ya safari ya ndege ni dhuluma ndogo inayorudiwa kila mara. Kutangulia si kufika, ni kweli. Lakini asiyefika huwa ndiye aliyeifyeka njia.

MIAKA YA MWISHO

Hakufa maskini, wala hakuacha kufanya kazi. Kampuni yake iliendelea miaka mingi. Alikuwa miongoni mwa watu wa mwanzo kuiweka ensaiklopidia nzima katika sahani moja ya CD, katikati ya miaka ya themanini. Kwa miaka kadhaa alishiriki kuongoza kipindi cha televisheni cha kuwaelimisha watu juu ya kompyuta, na humo aliwahoji kwa upole hata watu waliokuwa wakishindana naye. Mwaka wa 1991 Digital Research iliuzwa kwa kampuni ya Novell.

Hata hivyo jeraha halikupona. Ndoa yake na Dorothy ilikuwa imevunjika, na waliomjua wanaeleza kwamba ulevi ulimwelemea, na kwamba alichoshwa na kuulizwa kila mahali juu ya siku ile ya ndege. Aliandika kumbukumbu za maisha yake akawagawia jamaa na marafiki, bila kuzichapisha. Tarehe 8 Julai 1994 aliumia kichwa katika baa moja mjini Monterey, na namna alivyoumia haikujulikana kwa yakini. Siku tatu baadaye, tarehe 11, alifariki akiwa na umri wa miaka 52. Alizikwa Seattle, katika mji wa chuo cha babu yake.

Mwaka wa 2014 jumuiya ya wahandisi wa umeme, IEEE, iliweka bamba la ukumbusho nje ya jengo lililokuwa ofisi yake huko Pacific Grove. Miaka miwili baadaye jumba la makumbusho ya kompyuta la California likachapisha sehemu ya kumbukumbu zake.

Ofisi niliyofanyia kazi haipo tena, na mashine zake mbili sijui ziliishia wapi. Diski moja ninayo mpaka leo, imo katika sanduku pamoja na vyeti vyangu, na hakuna mashine nyumbani wala mtaani ya kuisoma. Lakini mjukuu wangu anapochukua kijiti kidogo cha kuhifadhia habari, akakichomeka katika kompyuta ya dukani, kisha katika ya shuleni, kisha katika ya rafiki yake, na kila moja ikamfungulia faili lake bila maswali, ndani ya kila moja ya mashine hizo mna rubani mdogo anayekijua chuma chake, na juu yake nahodha asiyehitaji kukijua. Na katika kompyuta zenye programu ya Microsoft, kila sehemu ya kuhifadhia bado inaitwa kwa herufi, kama alivyofanya Kildall mwaka wa 1974.

Chanda chema huvikwa pete, walisema wazee. Safari hii pete ilikwenda katika chanda kingine. Nimemweleza mjukuu wangu jina la mwenye chanda.